Kilichoruhusiwa na Kiasi Chake

Soma 1 Wakorintho 6:12, 19, 20, Danieli 1:8–16.

Muulize Msabato wa Nangara kama anakula nguruwe au anakunywa pombe. Atakujibu kabla hujamaliza swali. Muulize ametia vijiko vingapi vya sukari kwenye chai tangu asubuhi, au jana usiku aliiweka simu chini saa ngapi. Hapo atacheka kwanza.

Kilichokatazwa kina mpaka unaoonekana. Aliyeacha pombe ameacha, na majirani wanajua. Lakini chai, maandazi, bodaboda na simu havikukatazwa, na kwa hiyo hatuvihoji. Paulo haishii kwenye kusema kwamba vitu ni halali kwake. Anakataa pia kuwa chini ya uwezo wa kitu chochote. Swali lake ni nani anayetawala.

Tuchukue sukari. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayopata katika chakula. Kwa mtu mzima hiyo ni kama gramu 50, yaani vijiko vya chai 12 hivi. Vikombe vitatu vya vijiko vinne vinne vimemaliza kipimo, na soda ya harusi bado. Ugumu uko hapa: hakuna kijiko hata kimoja unachoweza kukitaja katika toba. Kila kimoja peke yake hakina kosa.

Mazoea hubadilisha hata macho. Babati inalima mbaazi nyingi, na tumezoea kuziona kama fedha. Mwaka 2017 India ilipowekea mipaka uagizaji wa mbaazi, bei iliporomoka nchini, na hasara ile ilikuwa ya kweli. Hata hivyo inafaa kujiuliza kwa nini chakula chema kilichojaa ghalani kinaonekana duni kuliko chipsi za barabarani.

Tusitwishane mizigo isiyo yetu. Dakika 150 za mwendo wa haraka kwa juma, kama wataalamu wanavyoshauri, mama anayelima miguuni pa mlima Kwaraa huenda amezimaliza Jumanne, usimhubirie mazoezi. Kijana anayeshinda juu ya tandiko la pikipiki, na karani anayeshinda kwenye kiti, hao ndio wanaohusika.

Na simu? Wakati wa kufunga Sabato tumeona vioo vikiwaka kabla ya “amina” kutulia. Mtu aliyeikaa Sabato huku akihesabu dakika mpaka jua lizame, amepumzika kweli? Asubuhi vidio fupi hutangulia Kesha la Asubuhi, nasi tunasema hatuna muda.

Tusikate tamaa, wala tusiwe wepesi kuhukumu. Ellen White alipewa njozi ya matengenezo ya afya Otsego, Michigan, Juni 1863. Lakini ni kwenye makambi ya Brighton, Australia, mwaka 1894, alipoiondoa nyama kabisa mezani pake, baada ya mwanamke Mkatoliki kumsihi kuhusu ukatili wanaofanyiwa wanyama. Miaka 31 ilikuwa imepita, na sauti iliyomsukuma ilitoka nje ya kanisa letu. Anayemkemea ndugu yake aliyeanza juzi aikumbuke miaka hiyo.

Wengine husema mazoea yakishakomaa mtu hawajibiki tena, kwani mkono hwenda wenyewe. Kuna ukweli ndani yake: chai ikiwa imeshamiminwa na simu iko chini ya mto, nia ina nguvu kidogo sana. Ila Danieli aliazimu moyoni kabla ya kujaribiwa kwa siku zile kumi, kisha akaenda kuzungumza na msimamizi ili sahani yenyewe ibadilike. Nadhani uwajibikaji wetu uko zaidi hapo: sukari inawekwa wapi, simu inalala chumba gani, nani anatumwa dukani na kwa nini asitembee. Hilo si kujiokoa kwa matendo. Mwili umekwisha kununuliwa kwa thamani. Tunachojadili ni jinsi ya kuutunza kama mali ya Mwingine.

Mjadiliane darasani: mgeni amekukaribisha nyumbani kwake, naye ameshatia sukari vijiko vinne kwa upendo. Utafanya nini na kikombe hicho, na utamwambia nini?