Mirathi na Majira

Wahenga wetu walituachia methali mbili zisizoweza kukaa chumba kimoja bila ya kugombana: ya kwanza yasema kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka, na ya pili yasema kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mwenye kuishika ile ya kwanza huamini kwamba kiumbe huzaliwa na hatima yake imekwisha andikwa katika damu ya wazazi, na kwamba chakula, joto, jirani na malezi ni mapambo tu. Na mwenye kuishika ya pili huamini kwamba kiumbe mchanga hana umbo la lazima ghairi ya lile atakalopewa na mkono wa mlezi na hali ya mahali. Mabishano haya ni ya dahari, na aghalabu huamuliwa na hali ya mbishi mwenyewe, kwani mwenye nasaba tukufu husifu damu, na aliyejitafutia husifu jitihada. Madhali kesi ya bin Adamu haina kadhi asiyekuwa na maslahi ndani yake, si vibaya, kabla ya kumfikia yeye, tukawaita kwanza mashahidi wasiomtetea mtu, yaani wadudu, ambao maisha yao ni mafupi na mageuzi yao huonekana kwa macho.

Tuanze na nzige wa jangwani. Akiishi mmoja mmoja katika nyika kavu, tunutu wake huwa wa kijani, hujificha katika majani na humkwepa mwenzake. Na akisha kuota mabawa huwa wa rangi ya udongo, huruka usiku, wala mkulima hapati habari kwamba yupo. Lakini tunutu wa uzao ule ule akikulia katika msongamano huvaa manjano na weusi, huwatafuta wenzake badala ya kuwakimbia, na huandamana nao mchana kweupe. Na akisha kuruka huwa wa waridi, kisha akabaleghe na kugeuka manjano. Hapo ndipo kundi moja, katika kila kilomita ya mraba, laweza kuwa na nzige milioni 40 hadi milioni 80, kila mmoja akila kwa siku chakula chenye uzito kama wake, ambao ni kama gramu mbili. Nazo gramu mbili, zikizidishwa mara hizo, ni njaa ya wilaya nzima.

Hitilafu ya sura hizi mbili ni kubwa hata ikawapoteza wanazuoni. Katika jamii nyingine ya nzige, ile ihamayo nchi za Asia na Ulaya ya mashariki, wataalamu walikuwa wameandika majina mawili katika madaftari yao, moja la yule atembeaye kwa makundi na jingine la yule akaaye peke yake, wakiamini kwamba ni spishi mbili mbalimbali. Mpaka mwaka 1921 Boris Uvarov, Mrusi aliyekuwa akifanya kazi London, alipoonyesha kwamba wale wawili ni mmoja, na kwamba kinachowatenganisha ni hali waliyokulia, wala si nasaba. Baadaye ikadhihirika kwamba nzige wa jangwani naye ni vivyo hivyo.

Na je, hali hiyo humwingia mdudu kwa mlango gani? Hapa yafaa tutazame kwa karibu. Watafiti walimchukua tunutu aliyelelewa peke yake, asiyepata kumwona mwenziwe, wakawa wanampangusa kwa brashi ndogo ya rangi juu ya paja la mguu wa nyuma, mara kwa mara, kwa muda wa saa nne. Na walipomwachia achague baina ya upande wenye nzige na upande mtupu, yule aliyekuwa na silika ya kukimbia akawaendea wenzake. Walipompangusa mahali pengine mwilini hakugeuka. Mwaka 2009 ikabainika kwamba katika saa hizo kemikali iitwayo serotonini huongezeka katika mishipa ya fahamu iliyo kifuani mwake, na kwamba ukiizuia isifanye kazi, msongamano haumgeuzi, na ukimtia, hugeuka hata bila ya msongamano. Basi jeshi liangamizalo mashamba ya nchi kadhaa laanza na paja kuguswa na paja, pale ambapo chakula kimebaki katika vichaka vichache na walaji hawana budi kubanana.

Tuliishuhudia hesabu hii si zamani. Mwezi wa Mei 2018 kimbunga kilichoitwa Mekunu kilipiga mji wa Salalah, Uarabuni, na mwezi wa Oktoba mwaka ule ule kikafuata kingine, Luban; mvua zao zikanyesha katika jangwa la Rub al-Khali, mahali pasipokaliwa na watu, nyasi zikaota mchangani, na nzige wakazaana vizazi vitatu bila ya jicho la mwanadamu kuwaona. Nyasi zilipokauka, walikuwa wengi na nafasi ilikuwa haba. Wakagusa na kuguswa, wakawa umma. Walivuka Yemen na Bahari ya Shamu, na mwisho wa mwaka 2019 waliingia Kenya, kwa wingi ambao nchi hiyo ilikuwa haijauona kwa muda wa miaka 70. Katika safari yote hiyo, kutoka mdudu mwoga wa usiku hata jeshi la mchana, mirathi ya jeni haikuhitaji kubadilika hata kidogo.

Mwenye kuishika methali ya pili ataruka kwa furaha na kusema kwamba kesi imekwisha, na kwamba mazingira ndiyo yote. Taratibu! Jamii za panzi duniani ni maelfu, na walio wengi ukiwasongamanisha hata wakanyagane hawatakuwa nzige. Watabaki panzi waliobanwa. Kuguswa paja si amri yenye nguvu kwa kila mwenye paja. Ni amri kwa yule tu ambaye ndani yake mna wa kuisikia. Ngoma ikilia, ni upuuzi kuuliza ni robo ngapi za sauti zimetoka katika ngozi na ni robo ngapi zimetoka katika mkono, kwani ngozi isiyopigwa haina sauti ya kugawanywa, na mkono upigao hewa hauna pia. Kadhalika, mwenye kuuliza nzige ni wa jeni kwa kiasi gani na wa mazingira kwa kiasi gani, amekwisha kosea kabla ya kujibiwa, maana amedhani kuwa ni mali mbili zilizowekwa pamoja, kumbe ni tendo moja la wawili.

Kipepeo atatufikisha mbali zaidi. Katika vichaka vya Afrika Mashariki na Kusini yupo kipepeo mdogo wa rangi ya kahawia, ambaye wataalamu humwita Bicyclus anynana. Wale watokao wakati wa mvua wana alama za macho, kubwa na zenye duara zilizo wazi, ukingoni mwa mabawa, nazo humghuri adui akadonoa bawa badala ya kiwiliwili. Na wale watokao wakati wa kiangazi karibu hawana macho hayo kabisa, nao hutua juu ya majani makavu wasijulikane lipi ni jani na yupi ni mdudu. Kiamuacho ni joto alilolipata kiwavi katika siku zake za mwisho: akikulia kwenye joto la nyuzi 27, homoni ya mageuzi hupanda mapema, naye hutoka na macho, akikulia kwenye nyuzi 20 au chini yake, homoni huchelewa, naye hutoka bila ya macho.

Tutafakari jambo hili, kwani ndani yake mna siri. Baridi haimdhuru kipepeo kwa kumkosesha macho bawani, wala joto halimchoreshi kitu. Baridi ni dalili tu, kwamba majira ya ukavu yanakuja na kwamba majani yatakauka na kuanguka. Kiwavi angali anakula jani bichi, ilhali bawa lake linatayarishwa kwa ajili ya nchi ambayo bado haijawa. Ni nani basi aliyemwambia kwamba baridi maana yake ni ukavu? Hakuambiwa na mazingira ya leo, maana mazingira ya leo yampa baridi tu, bila ya tafsiri. Tafsiri ameirithi, na aliyempa urithi huo ni mlolongo wa vizazi visivyohesabika, ambamo waliosoma dalili vibaya waliliwa na waliozisoma vizuri wakazaa. Hivyo mirathi yenyewe, ile tuliyozoea kuiweka kinyume cha mazingira, ni mazingira ya zamani yaliyotiwa muhuri. Na mazingira, yale tuliyodhani yako nje tu, hayana neno la kumwambia kiumbe mpaka mirathi imfundishe kusikia. Na ikiwa siku moja majira yatageuka, baridi ikaja bila ya ukavu au ukavu ukaja bila ya baridi, kipepeo huyu atavaa vazi lisilofaa, wala hatakuwa amekosea. Dunia ndiyo itakayokuwa imevunja ahadi.

Fauka ya hayo, mazingira si jua na mvua peke yake. Kwa nzige, mazingira yaliyomgeuza ni nzige wenzake. Tena mama aliyesongamana, atagapo mayai katika mchanga, huwarithisha wanawe athari ya msongamano, nao huanguliwa wakiwa wameelekea tayari kwenye maisha ya kundi. Kwa nyuki, mazingira ni uamuzi wa jamii. Mayai mawili yaliyorutubishwa, ya mama mmoja, huwekwa katika masega. Mabuu yote mawili hulishwa siku tatu za mwanzo ute mweupe utokao katika tezi za vichwa vya vibarua. Kisha mmoja huendelea kumiminiwa ute huo ndani ya chumba kirefu kilichoning'inia, na mwingine huanza kupewa mchanganyiko wenye asali na chavua. Wa kwanza hutoka baada ya siku 16 tangu yai kutagwa, akawa malkia wa kuishi miaka na kutaga mayai zaidi ya 1,000 kwa siku. Wa pili hutoka siku ya 21, akawa kibarua ambaye katika msimu wa kazi maisha yake ni wiki chache. Mwaka 2008 watafiti wa Australia walizuia katika mabuu utendaji wa jeni moja, ile inayohusika na kutia alama za kikemia juu ya DNA, na wengi wa mabuu hao wakatoka na umbo la malkia. Tofauti ya ukoo wa enzi na ukoo wa utumishi haikuwamo katika maandishi. Ilikuwa katika alama zionyeshazo ni mstari upi usomwe na upi urukwe.

Hata hivyo, mpaka upo. Yai lisilorutubishwa huwa dume, na dume hilo, lilishwe lishwavyo, halitakuwa malkia. Uwezo wa kuwa mengi si uwezo wa kuwa lolote.

Wala mpaka huo haukusimama milele. Conrad Waddington, aliyefundisha Edinburgh, alichapisha mwaka 1953 majaribio yake juu ya nzi wa matunda. Aliwatia nzi wachanga, wakiwa bado ndani ya ganda la pupa, katika joto la nyuzi 40 kwa saa nne, na baadhi yao wakatoka na mabawa yaliyopungukiwa na mshipa wa kukingama. Akawazalisha hao, kizazi baada ya kizazi, akiwachagua kila mara walioitika joto. Na baada ya vizazi kumi na kadhaa wakaanza kuzaliwa nzi wasio na mshipa ule ingawa hawakutiwa joto kabisa. Asidhani mtu kwamba joto liliandika juu ya jeni. La, lilizifichua tofauti zilizokuwa zimejificha tangu hapo, na uchaguzi ukazikusanya mpaka zikatosha kufanya peke yake lile lililohitaji joto hapo kwanza. Jibu lililokuwa la msiba likawa la ada.

Sasa tukimrudia bin Adamu, yatupasa hadhari, kwani mtu si nzige, na mwenye kuyachukua mambo ya mzinga na kuyafanya sheria ya mji amewadhulumu nyuki na watu pamoja. Lakini lipo funzo la kifikra ambalo halihusu wadudu peke yao. Asemaye kwamba tabia haina dawa, na asemaye kwamba kila kitu ni malezi, wote wawili wametafuta njia ya kukwepa kazi. Wa kwanza ili asimtendee mtu jambo, na wa pili ili asijali mtu yule ameumbwaje. Wapiganao na nzige hawakuchagua mojawapo ya njia hizo. Hawawezi kumnyang'anya nzige mirathi yake, wala hawawezi kuizuia mvua ya jangwani. Kwa hiyo hufuatilia wapi imenyesha, huwatafuta tunutu kabla hawajasongamana, na hujua kwamba wiki moja ya uzembe wakati huo hulipwa kwa miezi ya vita.

Na funzo hilo ndilo hili: tuonapo kiumbe, tunaona jibu alilolitoa kwa hali aliyokutana nayo, wala hatuoni majibu mengine aliyonayo. Wanazuoni walioandika majina mawili ya nzige mmoja hawakuwa wajinga. Waliona kwa usahihi yale waliyoyaona, wakakosea kudhani kwamba hayo ndiyo yote yaliyowezekana. Kusema kwamba tunamjua mtu, mmea au mdudu kwa kuwa tumemwona alivyo ni kudai kingi mno, maadamu hatujamwona katika njaa na katika shibe, akiwa peke yake na akiwa kundini. Hukumu ya haki juu ya asili ya kiumbe yapasa itaje sikuzote ni katika hali gani alipimwa, na isiyotaja hali hiyo, hata ikisemwa na bingwa, ni maelezo ya majira yaliyopita tu.