Haki ya Kuuliza Swali Lisilolipa

Tangu mradi wa urani wa Mto Mkuju kule Namtumbo uanze kutoka kwenye makaratasi na kuingia kwenye mitambo, kuna hoja inayorudiwa hapa Songea na mkoani kote mpaka imeanza kuchukuliwa kama ukweli usiodai ushahidi. Inasema vijana wa Ruvuma wafundishwe kuendesha mitambo, kupima mionzi, kuchomelea vyuma na kufunga umeme, maana huko ndiko kwenye ajira. Mpaka hapo sina ugomvi nayo. Mkondo wa amali uliowekwa na Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, ulichelewa kuja, na anayeubeza haijui hali ya vijana wetu. Ugomvi unaanza pale inapoongezwa sentensi ya pili: kwamba kijana wa hapa akitaka kusomea kwa nini kiini cha urani kinashikamana, au chembe zilizomo ndani ya protoni hutawanyika vipi zikigongana, huyo anapoteza muda wake na fedha za umma, kwa kuwa nadharia ni ya wenzetu. Sentensi hiyo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Naiona ni dhuluma, na kwa kuwa ni dhuluma isiyomwaga damu wala kumnyang'anya mtu shamba, inahitaji maelezo marefu kidogo ili ionekane.

Maana za maneno zisitucheleweshe. Kani kali ya nyuklia ni ile inayoshikanisha protoni na nyutroni ndani ya kiini cha atomi, na kwa undani zaidi ndiyo inayozifunga chembe ziitwazo kwaki ndani ya protoni kwa njia ya chembe nyingine, gluoni. Utafiti wa mtawanyiko ni kugonganisha chembe, kupima zimerukia wapi na kwa wingi gani, kisha kukokotoa ni kitu gani kilichomo ndani kingeweza kuzirusha hivyo. Kuhusu maana hasa ya neno kujua, wanafalsafa wamegombana vya kutosha. Mimi natumia neno hilo kama linavyotumiwa na watu wote.

Linalonishangaza katika elimu hii ni namna ilivyopatikana. Hakuna mtu aliyewahi kukiona kiini cha atomi kwa jicho. Mwaka 1909, wanafizikia Geiger na Marsden wakiwa Manchester walirusha chembe za alfa kwenye karatasi nyembamba ya dhahabu, wakakuta chache mno zinarudi nyuma. Rutherford, mkuu wao, alikaa na hesabu zile, na mwaka 1911 akatoa hitimisho kwamba karibu tungamo yote ya atomi imejikusanya mahali padogo kupindukia. Kiini kiliingia katika elimu ya wanadamu kwa mlango wa hesabu. Mwishoni mwa miaka ya 1960, kwenye maabara ya SLAC huko California, elektroni zilirushwa kwenye protoni, na namna zilivyotawanyika ikaonyesha kwamba ndani ya protoni nako kuna vitu vidogo zaidi. Ndizo kwaki, ambazo Gell-Mann na Zweig walikuwa wamezipendekeza mwaka 1964, kila mmoja kwa njia yake. Kwaki iliyo peke yake haijawahi kuonekana. Ukijaribu kuitenga na wenzake, mvuto haupungui kadiri umbali unavyoongezeka, kama unavyopungua ule wa sumaku. Unabaki na nguvu inayokaribia uzito wa tani 15, ndani ya kitu kidogo kuliko atomi mara makumi ya maelfu, na nishati unayotumia kuivuta inaishia kuzaa kwaki nyingine. Unataka moja, unapata kundi jipya.

Kwa hiyo anayesema vitendo vibaki kwetu na nadharia ibaki kwao anakata kitu ambacho hakina mahali pa kukatwa. Alama kwenye kifaa cha kupimia ni alama tu mpaka hesabu iseme zinamaanisha nini. Hata yule anayepima mionzi pale Mkuju anatumia namba ambazo maana yake ilitoka kwa watu waliokaa na karatasi. Kumfundisha kusoma kipimo na kumwambia maana yake si ya kwake ni kumfanya mchukuzi wa mzigo uliofungwa, anayelipwa kwa uzito na kukatazwa kuuliza kilichomo.

Sasa nije kwenye pingamizi linalonikera kuliko yote, maana ndilo linalotolewa mwanzo na ndilo linalodhaniwa kumaliza mjadala: hiyo itatusaidia nini? Kwanza, mara nyingi halisubiri jibu. Mtu anayeuliza kwa kutaka kujua hunyamaza baada ya kuuliza. Huyu akishauliza huwa amekwisha hukumu. Wapo wanaolijibu kwa upole kwamba manufaa huja baadaye, na mifano wanayo. Mwaka 1933 Rutherford mwenyewe alilidharau hadharani wazo la kupata nishati kwa kuvunja atomi. Miaka mitano tu baadaye Hahn na Strassmann wakapata dalili za kupasuka kwa kiini cha urani, Meitner na Frisch wakaeleza kilichotokea, na Desemba 1942 tanuri la kwanza la nyuklia likafanya kazi Chicago. Ikiwa aliyekigundua kiini hakuweza kuona faida iliyokuwa mlangoni, nani leo anaweza kusema kwa uhakika kwamba hesabu za gluoni hazitafaa kitu?

Jibu hilo ni la kweli, lakini silitaki. Linamkabidhi muulizaji kiti cha hakimu, linakubali kwamba elimu lazima ijitetee kwa bei, kisha linaomba tu iongezewe muda wa kulipa. Na kwetu sisi wa ukanda huu lina ubaya mwingine mkubwa zaidi. Sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika mradi wa Marekani wa bomu la atomi ilitoka Shinkolobwe, Katanga, katika nchi ya watu wanaozungumza Kiswahili kama sisi. Wachimbaji wa Kikongo walilitoa jiwe lile ardhini na kulichambua kwa mikono, na kampuni ya Union Minière ikalisafirisha ng'ambo kwa meli. Kwa hesabu ya manufaa, hakuna jiwe lililowafaa waliolichukua zaidi ya lile katika karne nzima. Agosti 6, 1945, likaangukia Hiroshima. Manufaa, basi, yalikuja, tena ya kutisha, na mchimbaji wa Shinkolobwe hakuwa na sehemu ndani yake. Alichokosa ni kuhesabiwa miongoni mwa watu ambao swali la kilichomo ndani ya jiwe ni lao pia. Kwa sababu hiyo, mtu anaponiambia tuanze na manufaa na elimu ya undani ije baadaye, namwona anataka kuturudisha kwenye mpango ambao Katanga waliujaribu bila kuulizwa.

Pingamizi hilo huja pia kwa sura ya njaa: ugali kwanza, chembe baadaye. Basi tuutazame ugali. Chukua gunia la mahindi la kilo 100, kama yale yanayopangwa kwenye maghala ya hapa Songea kila msimu. Karibu uzito wake wote umo katika protoni na nyutroni. Ukijumlisha tungamo za kwaki tatu zinazounda protoni moja, unapata kama asilimia moja ya tungamo ya protoni hiyo. Asilimia 99 inayobaki ni nishati: mwendo wa kwaki na gluoni zilizofungwa pamoja na kani kali. Katika gunia lile, basi, ni kama kilo moja tu inayotokana na tungamo za kwaki zenyewe, na kilo 99 ni kazi ya kani ambayo tunaambiwa haituhusu. Sidai kwamba mkulima wa Namtumbo akilijua hili atavuna zaidi, au kwamba bei ya mahindi itapanda hata kwa shilingi moja. Haitapanda. Ninachodai ni kwamba kulijua ni jambo jema kwa mtu anayelinyanyua gunia hilo, jema lenyewe, na sijaona sababu inayolifanya liwe jema kwa mtoto wa mkulima wa Bavaria na kuwa anasa kwa mtoto wa mkulima wa Mbinga. Umaskini unaweza kubadili mambo yatangulie yapi. Hauwezi kubadili ni nani mwenye akili ya kushangaa.

Na hayo yatakayotangulia yataisha lini? Pingamizi halitaji tarehe. Halisemi nchi ikifikia kipato fulani, au ikishajenga zahanati kadhaa, ndipo watu wake waruhusiwe kuuliza. Mwanafizikia Homi Bhabha alianzisha Taasisi ya Tata ya utafiti wa msingi nchini India mwaka 1945, kabla ya uhuru, miaka miwili baada ya njaa ya Bengal ya 1943. Angesubiri njaa iishe, angesubiri mpaka kufa. Mwenzake Abdus Salam alirudi kwao Pakistani akiwa na shahada kubwa, akakuta Lahore hakuna wa kuzungumza naye fizikia, na mwaka 1954 akaondoka. Maumivu ya upweke ule ndiyo yaliyomsukuma kuanzisha kituo cha fizikia cha Trieste, Italia, mwaka 1964, ili mwanafizikia wa nchi maskini aweze kwenda, kukaa na wenzake, na kurudi nyumbani bila kuihama nchi yake wala fani yake. Tuzo ya Nobel aliipata mwaka 1979. Kwa kipimo cha kituo kile, naona tuzo hiyo ni jambo dogo.

Yapo mapingamizi ya haki zaidi. Walimu wa fizikia hawatoshi sekondari, na mshahara wa mtafiti mmoja ungemlipa mwalimu. Hilo ni kweli na linauma. Wengi wanaosomeshwa nje hawarudi. Na elimu ya nyuklia imewahi kuwa mtumishi wa silaha, jambo ambalo Shinkolobwe hairuhusu tulisahau.

Kwa upande wa gharama, lakini, nadharia haistahili lawama inayobebeshwa. Gluoni mbili zikigongana na kutoa nne, njia ya kawaida ya kukokotoa inadai michoro 220, kila mmoja na rundo lake la hesabu. Mwaka 1986 Stephen Parke na Tomasz Taylor, wa maabara ya Fermilab, walionyesha kwamba kwa mipangilio fulani ya mzunguko wa gluoni jibu lote linaingia katika mstari mmoja, wakabashiri kwamba mstari huohuo unafaa kwa gluoni nyingi kadiri upendavyo, na baadaye ikathibitika. Urefu ule wote ulikuwa katika namna yetu ya kuuliza. Maumbile yenyewe yalikuwa mepesi. Kazi ya aina hiyo inahitaji kompyuta ya kawaida, muda, na wenzako wawili watatu wa kukukosoa.

Hapa siwezi kumpita mwanafizikia Geoffrey Chew, ingawa ananitoa kidogo njiani. Chew aliacha kazi Berkeley mwaka 1950 kwa kupinga kiapo cha utiifu walichotakiwa kula wahadhiri, akarudi miaka kadhaa baadaye. Katika miaka ya 1960 akashikilia kwamba miongoni mwa chembe za kani kali hakuna iliyo ya msingi na nyingine ya kuundwa: kila moja imeundwa na zote, na kanuni za mtawanyiko peke yake zinatosha kuziamua zote. Aliuita mtazamo huo demokrasia ya nyuklia. Sijui wazo la kifizikia lenye heshima zaidi ya hilo. Na lilishindwa. Kufikia 1973, Gross, Wilczek na Politzer walipoonyesha kwamba kani kali hulegea kwaki zinapokaribiana sana, kwaki zilikuwa zimekalia kiti kile cha msingi ambacho Chew alitaka kisiwepo. Lakini katika kumtafutia ushahidi watu waliokota mambo ambayo hawakuyatazamia: kanuni ya Veneziano ya 1968, iliyobuniwa ili kueleza mtawanyiko wa chembe hizi, ndiyo iliyozaa nadharia ya nyuzi, na wanaokokotoa mtawanyiko wa gluoni leo wamerudi kwenye tabia ya Chew ya kuuliza kinachoingia na kinachotoka bila kujilazimisha kuchora yote ya katikati. Fikra iliyoshindwa ikaacha urithi mkubwa kuliko nyingi zilizoshinda. Taifa linalofadhili majibu ya uhakika tu haliwezi kumpata mtu kama Chew, na nadhani haliwezi hata kumtambua akiwa amezaliwa humo.

Je, Tanzania itenge kiasi gani, na kiondolewe wapi? Sina namba, na nikiitaja moja nitakuwa nimejifanya najua. Huenda ikawa watu watano nchi nzima. Huenda tusianze na chuo kipya, kwa kuwa Kigali tangu 2018 kuna taasisi ya Afrika Mashariki ya utafiti wa msingi, mshirika wa kituo cha Trieste, inayofundisha fizikia ya nishati za juu, na Kigali ni karibu kuliko Italia. Wala sina hakika kwamba haki ya kuuliza inaifunga serikali kuilipia. Inawezekana inaifunga tu kutoizuia na kutoidhihaki, na mipaka kati ya hayo mawili sijaiona vizuri.

Ninachoomba ni kidogo kuliko hayo. Vikao vya kujadili mrabaha wa urani na ajira za wenyeji vitaendelea kuitishwa hapa Songea na kule Namtumbo. Madiwani, maofisa elimu na wazazi mtakaokaa humo, wekeni kwenye ajenda, pamoja na vyuo vya ufundi, swali la nani kutoka mkoa huu atasomeshwa fizikia ya nadharia na atasomea wapi, na mwenye kusimama kuuliza itatusaidia nini asubiri asikie jibu.