Je, Kukesha kwa Maumivu Ndiyo Subira?

Wengi wetu twamjua mtu aliyepasuliwa kwa maradhi ya saratani. Huyu ameondolewa titi, huyu kipande cha utumbo, na huyu ameondolewa umio, yaani njia ya chakula ipitayo kifuani, ambayo saratani yake ni katika zilizo nyingi hapa Kenya. Arudipo kwao, jamaa humshukuru Mwenyezi Mungu na wakaona kuwa lililo kubwa limekwisha. Usiku ukiingia, nyumba nzima hulala, naye akabaki macho hata alfajiri. Na akilisema hilo huambiwa: "Subiri, hiyo ni kafara ya madhambi yako."

Neno hili lina haki ndani yake, na lina kosa. Haki yake ni kuwa imethubutu katika hadithi sahihi kwamba Muislamu hapatwi na taabu, hata mwiba unaomchoma, ila hufutiwa kwayo baadhi ya makosa yake. Lakini hatujapata kumsikia mwanachuoni aliyesema kwamba kwa sababu hiyo mwiba usitolewe mguuni ili thawabu zizidi. Mwiba hutolewa saa ile ile, na thawabu yake haiondoki pamoja nao. Basi kwa nini mwenye jeraha la kifua kizima aambiwe akae nalo akeshe?

Subira ni kuuzuia moyo usimkasirikie Mola wake. Kuufunga mdomo usimwambie daktari ni jambo jengine kabisa. Nabii Ayyub (a.s.) alimshtakia Mola wake dhara iliyompata, na juu ya hayo Qur'ani ikamshuhudia kuwa ni mwenye kusubiri. Na Mtume wetu (s.a.w.) alitaja maumivu ya kichwa chake mbele ya Bibi Aisha, na Ibn Mas'ud alipomwingilia katika homa yake, hakumficha ukali wake. Ni nani basi atakayedai kuwa amemzidi Mtume kwa subira?

Na usingizi si anasa. Qur'ani imeuhisabu katika ishara za Mwenyezi Mungu, na Abdullah bin Amr alipokuwa akikesha kwa ibada, Mtume alimkumbusha kuwa mwili wake na macho yake vina haki juu yake. Ikiwa mwenye afya alikatazwa kuidhulumu haki hiyo kwa ajili ya Sala, mgonjwa ataidhulumu kwa ajili ya nini?

Kukosa usingizi baada ya kupasuliwa kuna sababu zijulikanazo, na nyingi zina tiba. Ya kwanza ni maumivu. Wako wasiokunywa dawa mpaka maumivu yawashinde, hali Shirika la Afya Duniani, tangu mwaka 1986, limewaelekeza madaktari kuwa dawa ya maumivu ya saratani yanayodumu itolewe kwa saa zake, bila kungoja maumivu yarudi. Wengine huiogopa mofini wakisema ni kileo. Mlevi huitafuta ili akili imtoke. Mgonjwa hupewa kwa kipimo cha daktari ili apate kupumua, kutembea na kulala, kisha hupunguzwa jeraha likipoa. Hukumu ya wawili hawa haiwezi kuwa moja.

Aliyeondolewa umio ana jambo lake mbali. Kile kilichokuwa kikizuia uchachu wa tumbo usipande kimekwenda. Akilala bapa, uchachu humjia kooni akaamka amepaliwa. Huyu hulala kichwa na kifua vimeinuliwa, hula kidogo kidogo mara nyingi, na haingii kitandani ila baada ya saa mbili au tatu tangu alipokula. Nasi watu wa pwani twala baada ya Isha! Basi chake na kiwe karibu na Magharibi, wala asilazimishwe kungoja sinia ya jamaa.

Kisha kuna khofu: je, itarudi? Abu Zayd al-Balkhi, aliyekufa mwaka 934, aliandika kitabu juu ya maslaha ya miili na nafsi, akawalaumu matabibu wa zama zake kwa kuutibu mwili na kuiacha nafsi, na hivi viwili vimefungamana. Lawama hiyo haijachakaa. Siku za mwanzo mgonjwa hupumzika apendavyo. Lakini zikipita wiki na usingizi haujarudi, matabibu wa leo hupenda kuuzoesha mwili kabla ya kumzoesha mtu vidonge: aamke wakati mmoja kila siku, atoke penye mwangaza wa asubuhi, qailula isizidi nusu saa, kahawa iachwe tangu adhuhuri. Na akikosa usingizi asigaegae kitandani, bali ainuke, akae penye mwanga mdogo na amdhukuru Mola wake mpaka umjie.

Yuko pia anayekesha kwa kuona ameiharibu Sala yake. Imran bin Husein alikuwa na bawasiri, na Mtume akamruhusu kusali kwa kukaa, na asipoweza, kwa ubavu. Mwenye mfuko wa choo tumboni hutawadha kwa kila faradhi wakati wake ukiingia, akasali, na kinachotoka hakimdhuru. Na kukusanya Sala mbili kwa ajili ya maradhi, ingawa si kauli mashuhuri katika madhehebu yetu ya Shafi, Imam Nawawi ameipa nguvu kauli ya kujuzu.

Imebaki khabari ya sisi wazuru. Kumzuru mgonjwa ni Sunna, lakini Mtume alikuwa akichukia mazungumzo baada ya Isha, nasi huo ndio wakati tunaouchagua, tukajaa chumbani, tukahadithiana ni nani aliyekufa kwa maradhi kama hayo, na mgonjwa akaona haya kutuambia twende zetu. Anayekesha naye ni mkewe au binti yake, na huyo naye halali. Twamuuliza hali ya mgonjwa, yake hatuiulizi. Atakaye kuzuru na aje amwambie: "Dada, nenda ukalale, usiku wa leo nitakaa mimi."