"Acha Nijaribu Kwanza": Kidonda, Kisu na Dhamana ya Mshauri



Ndugu msomaji, lipo swali ambalo hutufikia sana sisi tulio vyuoni, kwa kuwa jamaa zetu nyumbani hutuona wasomi wa kila kitu hata kama tunasoma uhasibu. Mtu ana kidonda shavuni au sikioni ambacho hakiponi. Daktari amesema ni saratani ya ngozi na kikatwe. Mwenyewe anapiga simu: kuna ubaya gani nikijaribu kwanza dawa ya nyumbani, ikishindikana ndipo niende kwenye kisu? Wengi hulichukulia kuwa swali la madaktari tu. Mimi naliona ni swali la fiqhi na maadili, na kwamba sehemu yake kubwa hatuulizwi juu ya mgonjwa, tunaulizwa juu yetu wenyewe.

Nalipeleka kwanza mahali ambapo sababu za kukwepa kisu si visingizio. Nchelenge ni wilaya ya mkoa wa Luapula, kaskazini mwa Zambia, kwenye ufuko wa Ziwa Mweru. Ng'ambo ni Kongo, ambako kuna mji uitwao Kilwa (siyo hii Kilwa yetu ya Lindi) na watu wanazungumza Kiswahili chao. Tangu 2018 wakimbizi wa Kikongo wamepewa makazi Mantapala, ndani ya wilaya hiyohiyo. Maisha ya ufukweni ni samaki. Chisense, ambao ni kama dagaa wetu, huvuliwa usiku kwa taa, kisha huanikwa mchana juani. Sasa mfikirie mwanamke mwenye ualbino ambaye kazi yake ni kuanika. Jua linampiga kutoka juu, na mng'ao wa maji na mchanga unampiga kutoka chini, hata akivaa kofia. Ngozi yake haina melanini ya kumkinga. Kwa watu wenye ualbino saratani hii hupenda uso, masikio na shingo. Kwa sisi wenye rangi ni nadra, lakini huweza kujificha mguuni kwenye kidonda cha miaka mingi, kwenye kovu la moto au kwenye unyayo.

Kashikishi, hapo hapo wilayani, ipo hospitali ya misheni ya St. Paul's. Lakini saratani ikikua hadi ihitaji mionzi, safari ni ya Lusaka, kwenye Hospitali ya Saratani iliyofunguliwa rasmi mwaka 2007. Ni karibu kilomita 1,000. Hesabu nauli ya watu wawili, chakula, mahali pa kulala, na watoto wataachwa na nani. Wakati huo huo jirani ana mzizi uliosagwa, na hataki hata senti. Anayemcheka mwanamke huyu kwa kusema "acha nijaribu kwanza" hajawahi kukaa kuhesabu nauli.

Hata hivyo neno "kwanza" ndilo lenye mtego. Linasemwa kana kwamba kisu kitakaa kikisubiri, kile kile, hadi majaribio yaishe. Hakisubiri. Saratani ya ngozi iliyogunduliwa mapema, ikiwa ndogo, kwa kawaida hukatwa kwa ganzi ya mahali pale tu na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Na wengi hupona kabisa. Ikiachwa, inachimba kwenda chini kwenye gegedu na mfupa, au inahamia kwenye tezi za shingo. Aliyekuwa akatwe kipande cha ukubwa wa kucha sasa anakatwa sikio zima. Kwa hiyo dawa ya bure ina bei, ila bei yake hulipwa baadaye, na hulipwa kwa nyama ya mtu.

Zipo dawa za kupaka ambazo huonekana kufanya kazi, na hizo nazihofia zaidi. Kuna malhamu nyeusi inayouzwa katika nchi nyingi, yenye kloridi ya zinki, ambayo huunguza nyama mpaka gaga likadondoka. Mtu anaona kovu safi, anamshukuru Mola, na chini ya kovu saratani iliyobaki inaendelea. Miezi inapita bila yeye kujua.

Na ile kauli ya kwamba saratani ikiguswa na kisu ndiyo inasambaa? Haitoki hewani. Watu wameona jamaa zao wakipasuliwa na kufa baada ya muda mfupi. Lakini wengi wa hao walifika hospitali wakiwa wamechelewa, ugonjwa umeshatembea, kisha kisu kikabebeshwa lawama ya muda.

Sitaki nieleweke kuwa nadharau miti. Lile ua la waridi au jeupe ambalo mama zetu hulipanda mbele ya nyumba, lenye asili ya Madagaska, ndilo lililotoa vinkristini, dawa inayotumika hadi leo kwa saratani za damu za watoto. Lakini ilichujwa, ikapimwa, na kipimo chake kikizidi ni sumu. Habbat sawda nayo tunaijua kwa hadithi iliyomo katika Bukhari, na tunaipenda. Ila hata wanavyuoni walijadili maana yake. Al-Khattabi aliona kuwa maneno yake ni ya jumla yaliyokusudiwa mahsusi. Na Mtume (s.a.w.) huyo huyo, kama ilivyopokewa na Muslim, alimpelekea Ubayy bin Ka'b tabibu aliyemkata mshipa kisha akamchoma. Urwa bin Zubayr, mwanachuoni wa Madina, alikatwa mguu uliooza, na hakuna aliyesema tawakkul yake ilipungua.

Mgonjwa je, analazimika? Hapa pana upana. Ibn Abbas amepokea habari ya mwanamke mwenye kifafa aliyehiyarishwa kati ya kuombewa apone na kusubiri apate Pepo, akachagua kusubiri. Wengi wameichukua kuwa dalili kwamba kujitibu si wajibu kila mara. Lakini Baraza la Kimataifa la Fiqhi, katika azimio lake la Jeddah la mwaka 1992, lilisema kujitibu huwa wajibu pale ambapo kuacha kunapelekea kuangamia nafsi, kupotea kiungo au kulemaa. Sikio ni kiungo. Jicho ni kiungo. Tena yule mwanamke alichagua akijua anachokiacha na anachokipata. Anayesema "nijaribu kwanza" mara nyingi hajui, kwa sababu hakuna aliyemweleza kuwa muda ndio unaoliwa.

Na ndipo tunapofika kwetu. Abu Dawud amepokea kisa cha msafiri aliyejeruhiwa kichwani, kisha ikamlazimu kuoga janaba. Akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hapana. Akaoga, akafa. Habari zilipomfikia Mtume (s.a.w.) hakumlaumu marehemu, ghadhabu yake iliwaangukia waliojibu bila kujua wala kuuliza. Katika Sunan hiyo hiyo imo hadithi ya anayejifanya tabibu naye hajulikani kwa utabibu: yeye ni mdhamini wa madhara. Sasa ile sauti tunayoisambaza kwenye makundi ya simu, "jaribu hii, mjomba wangu alipona", ni utabibu au siyo? Mwaka 2011 foleni ya magari ilielekea kijiji cha Samunge, Loliondo, kwa kikombe cha shilingi 500, na wapo waliotoroka wodini ili wakakinywe. Mzee yule alimpa kikombe aliyemfikia. Lakini ni nani walioieneza habari hadi wodini? Watu kama sisi, wenye nia njema kabisa.

Ningependa niishie hapo, nimewalaumu wauza mizizi na wasambaza sauti, nikalale. Lakini dhamana haimwachi wala anayesema "nenda hospitali" akakata simu. Naye ametoa ushauri ambao kule ufukweni hauna miguu. Je, amechangia nauli? Amempigia mwanafunzi mwenzake wa udaktari kuuliza kama kidonda kinaweza kukatwa hapo hapo wilayani kabla ya habari za Lusaka? Fakiri na maskini ndio wa mwanzo kutajwa katika aya ya zaka, nasi katika jumuiya zetu tunazo sanduku za kila Ijumaa.

Ziwa Mweru hufungwa kwa wavuvi kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaliane. Miezi hiyo pesa haipo ufukweni, na mwenye kidonda husema atasafiri ziwa likifunguliwa. Kidonda kilichoonekana Novemba, ifikapo Machi, kimeshapata miezi minne.