Siku Saba za Tiro



Somo letu ni Matendo ya Mitume, sura ya 20 na ya 21. Twaomba kila nyumba izisome sura hizo kwa sauti, jioni baada ya chakula, na mwenye ramani nyuma ya Biblia yake afuatishe kwa kidole: Troa, Aso, Mitilene, Samo, Mileto, Kosi, Rodo, Patara, Tiro, Tolemai, Kaisaria. Yote hiyo ni miji na visiwa vya bahari. Paulo alipita bandari hata bandari, akilala kwa watu, akingojea merikebu ishushe shehena yake, na mara moja, kutoka Troa hata Aso, akiamua mwenyewe kwenda kwa miguu hali wenziwe wamepanda chombo.

Na wenziwe hao walikuwa nani? Sopatro alikuwa mtu wa Beroya, Aristarko na Sekundo watu wa Thesalonike, Gayo wa Derbe, Timotheo, Tikiko na Trofimo watu wa Asia. Watu saba, wala si wa ukoo mmoja. Hakuna hata mmoja aliyekua na Paulo huko Tarso. Wote aliwapata njiani. Tena yuko wa nane, yule anayeandika, ambaye hajitaji jina. Lakini ukisoma kwa uangalifu utaona kwamba wafikapo Filipi anaanza tena kusema "sisi". Neno hilo dogo latupendeza sana.

Twayasema haya kwa sababu ya jambo linalosumbua nyumba nyingi za Mbulu na Hanang. Vijana wetu wanateremka pwani. Mmoja hufuata magunia ya vitunguu saumu kutoka Mbulu hata Dar es Salaam, na akiisha kuuza hupanda boti kwenda Unguja kuona kuna nini. Mwingine hutafuta kazi katika hoteli za Nungwi na Paje. Mwingine, tuseme kweli, hana shughuli yoyote. Ametia nguo tatu katika begi, akapanda basi la Babati, na sasa yuko Tanga, kesho Pangani, keshokutwa Bagamoyo, pamoja na watu aliokutana nao juzi. Akipiga simu nyumbani, mama humwuliza kwanza, "Uko na nani?" Naye hutaja majina ambayo hakuna mtu wa kijijini ayajuaye.

Na kwetu nako hushuka wengine. Wageni wenye mabegi makubwa mgongoni huja Katesh wapate kuupanda Mlima Hanang, wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400. Ukiwauliza utakuta kwamba walikutana katika nyumba ya wageni siku nne zilizopita, huyu Mholanzi, huyu Mkenya, huyu mtoto wa Mwanza. Sisi tumekaa barazani twawatazama na kusema, hao ni watu wasio na kwao. Twasema hivyo nasi Wairaqw ambao koo zetu nyingi husimulia kwamba mzee wa kwanza alitoka kwingine, akapokewa!

Haya, turudi Tiro. Merikebu ilikuwa na shehena ya kushusha pale. Paulo na wenziwe hawakuwa na mwenyeji. Iliwabidi wawatafute wanafunzi mpaka wawapate. Wakakaa nao siku saba tu. Siku zilipotimia, watu wa Tiro waliwasindikiza wote, pamoja na wake zao na watoto wao, mpaka nje ya mji, wakapiga magoti ufukoni, wakaomba, wakaagana. Hawa wakapanda merikebu, na wale wakarudi makwao. Hatuambiwi jina la mtu mmoja wa Tiro, wala hatusomi kwamba walionana tena.

Linganisheni na Mileto, katika sura iliyotangulia. Pale wazee wa Efeso walipiga magoti, wakalia, wakamwangukia shingoni. Nasi hatustaajabu, kwa maana alikuwa amekaa kwao miaka mitatu. Lakini Tiro ni juma moja! Na magoti yalipigwa vile vile.

Liko neno moja zaidi ambalo wahubiri wengi hulipita. Watu wa Tiro walikuwa wamemkataza Paulo asiende Yerusalemu. Hakuwasikia. Nao hawakununa, hawakufunga milango na kusema, "Basi nenda, lakini usitutaje." Waliwachukua watoto wao wakamsindikiza katika safari ile ile wasiyoipenda. Wazazi, tusikilize hapa. Wako miongoni mwetu waliomwambia kijana kwamba akitoka nje ya boma asirudi. Akatoka bila mkono wa mtu kichwani pake, na sasa haoni njia ya kurudi.

Hatusemi kwamba kila rafiki wa njiani ni mtu wa Tiro. Twamjua kijana wa kwetu aliyeshikwa na homa kali katika mji mmoja wa pwani. Wenziwe wawili, aliokula nao sahani moja kwa majuma matatu, waliondoka alfajiri, wakachukua na simu yake. Aliyemwona ni mama muuza vitumbua wa nyumba ya pili, Mwislamu, aliyeshangaa kwamba mteja wake hakuja siku mbili. Akampeleka hospitali kwa bajaji, akalipa, akamwuliza namba ya nyumbani, akapiga kwa vocha yake mwenyewe. Baba wa kijana anasema alipoisikia sauti ngeni ikimwita "kaka", alidhani ni matapeli, akakata. Mama yule akapiga tena.

Sisi Waanglikana hasa tusione ajabu kwamba urafiki wa njiani waweza kuzaa jambo la kudumu. Kule Unguja, Mkunazini, limesimama Kanisa Kuu la Kristo mahali palipokuwa soko la watumwa. Soko lilifungwa mwaka 1873, na jiwe la msingi likawekwa siku ya Krismasi mwaka ule ule. Washarika wengi wa kwanza walikuwa akina nani? Walikuwa watumwa waliookolewa: Wayao, Wanyasa na wengineo, waliofahamiana katika msafara na katika jahazi. Jamaa zao walikuwa mbali mno, na wengine hawakujua tena njia ya kwao. Walijengewa kijiji Mbweni na shule Kiungani, wakaoana, wakasimamiana ubatizo. Mmoja wao, Cecil Majaliwa, Myao aliyetekwa angali mtoto, alifanywa kasisi mwaka 1890. Kijana wa Mbulu aliyeko Paje na asome habari hiyo, kisha apande daladala Jumapili moja aende Mkunazini.

Na tarehe 3 Desemba 2023, matope na mawe yalipoporomoka kutoka Mlima Hanang juu ya Katesh na Gendabi, wakafa watu zaidi ya 80, hatukumwuliza aliyeleta blanketi ukoo wake wala dhehebu lake. Tulipokea. Wengine wa hao hatutawaona tena, kama Paulo na watu wa Tiro.

Basi, tangu Jumapili ijayo tutaisoma Litania, ambayo tangu zamani ina ombi kwa ajili ya wote wasafirio, wa nchi kavu na wa majini. Tutanyamaza kidogo penye ombi hilo ili majina yasomwe. Kila mwenye mtoto aliye safarini aandike jina lake katika karatasi na kumpa katekista kabla ya ibada. Na chini yake aandike majina ya wale anaotembea nao na anaolala kwao, yawe Juma, au Fatma, au la Kizungu gumu kutamkwa. Asiyeyajua ampigie simu mwanawe amwulize, lakini amwulize kwa sauti ya upole.