Samaki Asiyekuwa na Njaa

Ndugu msomaji, kuna swali limenikwama kooni kama mwiba wa changu. Kila nikimeza tonge, bado lipo. Swali lenyewe ni hili: yupi mwenye kosa zaidi, anayemdanganya mwenye njaa au anayemdanganya asiyekuwa nayo? Usicheke. Nilianza kulifikiri swali hili mtoni, mikono imekufa ganzi kwa baridi, na mpaka leo sijalimaliza.

Nianze nyumbani. Marehemu babu yangu alikuwa mvuvi Pangani. Hakuwa na mashine. Alikuwa na mtumbwi, madema mawili matatu na mshipi wa mkono. Akishatia kipande cha ngisi kwenye ndoano alisema "Bismillahi", kisha akashusha. Siku moja, nikiwa na miaka kama tisa hivi, nilimwuliza, "Babu, hivi huyu samaki si tunamdanganya?" Hakunigombeza. Alikaa kimya kidogo, halafu akasema, "Tunamdanganya, mjukuu wangu. Lakini yeye ana njaa na sisi tuna njaa. Njaa mbili zimekutana kwenye uzi mmoja. Nani atakula leo, Mungu ndiye ajuaye."

Jibu hilo lilinitosha kwa miaka ishirini. Halafu nikaja Oregon.

Ndiyo, siku hizi niko Portland, jimbo la Oregon, Marekani. Sikuzamia, nilikuja na viza yangu mkononi; na kazi yangu ni ya kupanga maboksi ghalani, si ya kumringia mtu kwenye barua. Pale ghalani kuna mzee mmoja wa Kizungu, mpole, ambaye aliposikia babu yangu alikuwa mvuvi alinishika bega akasema, "Kijana, Jumamosi unakuja na mimi mtoni." Ilikuwa Februari. Nikakata leseni, nikavaa kila nguo niliyokuwa nayo, nikaenda.

Mto wenyewe unaitwa Clackamas. Unatoka kwenye milima ya Cascade na kuungana na mto Willamette karibu na mji wa Oregon City. Tulishusha mashua mahali paitwapo Barton, tukakusudia kutokea Carver. Tulikuwa tunamtafuta samaki aitwaye stilihedi.

Huyu stilihedi ni trauti, jamii ileile ya trauti wa upinde wa mvua ambao walowezi waliwapandikiza kwenye mito ya Mlima Kenya zama za ukoloni. Tofauti yake ni safari. Anazaliwa mtoni, anakaa humo mwaka mmoja, miwili au mitatu, kisha anashuka kwenye bahari ya Pasifiki na kukulia huko. Akishapevuka anarudi kwenye mto wake kutaga mayai. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Samoni wa Pasifiki wakishataga hufa. Stilihedi anaweza kutaga, akarudi baharini, akaja tena mwaka mwingine. Si mchezo, bwana.

Sasa sikiliza jambo lililonishangaza. Stilihedi wa majira ya baridi akishaingia mtoni huwa hali sana. Anaishi kwa mafuta aliyojiwekea mwilini kule baharini. Nikamwuliza mzee, "Kama hali, tutamvuaje?" Akacheka, akafungua kisanduku chake.

Ndani mlikuwa na vidude vya plastiki, vinene kama kidole gumba, vya rangi kali, kila kimoja kikiwa na mdomo mpana uliochomoza mbele. Maji ya mto yakisukuma ule mdomo, kidude kinapiga mbizi na kuanza kutikisika kama kitu chenye wazimu. Nilikibatiza jina hapohapo: mzamiaji. Kwetu mzamiaji ni kijana anayejificha kwenye meli akitafuta maisha majuu. Huyu wa mtoni naye husafiri chini kwa chini, ila mzigo anaoubeba si wake. Mzamiaji yule hana ndoano. Nyuma yake unafungwa uzi wa hatua moja na nusu hivi, na mwisho wa uzi ndiyo ndoano, imefunikwa na bonge la mayai ya samoni mekundu. Mzamiaji anapeleka chambo chini na kufanya fujo. Ndoano inakuja nyuma, kimya, imejivika chakula.

Kazi kubwa haiko kwa mwenye fimbo ya kuvulia. Iko kwa mpiga makasia. Mzee alikaa katikati ya mashua, uso ukitazama mto unakoelekea, akawa anapiga makasia kuupinga mkondo. Si kwa nguvu ya kupanda mto, bali kiasi cha kushuka polepole kuliko maji. Nyuzi zilikuwa zimetangulia mbele yetu, na wazamiaji wakawa wanateremka kinyumenyume, shubiri kwa shubiri, kuelekea kwenye shimo alimopumzika samaki. Samaki wa mtoni hulala akiutazama mkondo. Kwa hiyo anakiona kitu kinakuja. Hakipiti kikaenda zake kama jani. Kinakuja kinatikisika, kinasimama, kinakuja tena, mpaka mlangoni kwake. Anarudi nyuma. Kinamfuata. Anarudi tena. Mwisho hana pa kurudi.

"Hatumwiti mezani," mzee aliniambia. "Tunamgongea mlango mpaka akasirike."

Hapo nikamkumbuka babu. Nikajiuliza: njaa ya samaki iko wapi hapa? Na yangu iko wapi, mimi niliyekunywa chai na mayai mawili asubuhi?

Mnamo saa nne fimbo yangu iliinama mpaka ncha ikagusa maji. Mzee akapaza sauti, "Usiiguse bado! Mwache aivute mwenyewe!" Nikasubiri, kisha nikaishika. Msomaji, sitakudanganya: raha niliyoipata siwezi kuieleza. Uzi ulilia. Samaki aliruka juu, mwili mzima, mweupe kama sahani ya bati, akaanguka, akaruka tena. Nilikuwa napiga kelele kwa Kiswahili, mzee anapiga kelele kwa Kiingereza, na tulielewana kabisa.

Tulipomleta kando ya mashua mzee aliinama kumtazama mgongoni. Katika mito ile kuna stilihedi wa aina mbili kwa hesabu ya sheria. Wapo waliototoleshwa na binadamu kwenye mabwawa. Hao hukatwa kipezi kidogo cha mgongoni karibu na mkia wangali wadogo, ili wakirudi wajulikane, na ukimvua unaruhusiwa kumchukua. Na wapo wa asili, ambao kipezi chao ni kizima. Hao wamepungua sana, na mtoni Clackamas lazima uwarudishe majini. Wangu alikuwa na kipezi kizima.

Ila alikuwa ameyameza yale mayai. Ndoano haikushika mdomo. Ilikuwa ndani, karibu na matamvua, na damu ilikuwa inatoka. Mzee hakumtoa majini. Alikata uzi, akamshika taratibu, kichwa kikielekea mkondo, mpaka mkia ukapata nguvu, akamwachia. Samaki akazama. Tukapumua. Dakika chache baadaye, chini kidogo, nikaona kitu cheupe kinageuka juu ya maji, tumbo juu, kikienda na mkondo.

Hatukusema kitu. Sheria tuliitii yote, nukta kwa nukta. Nilikuwa na leseni. Nilimrudisha. Hata kumwokota nikamle ingekuwa kosa. Na samaki alikuwa amekufa, bila kuliwa na mtu, na bila kutaga.

Hapo ndipo swali liliponikwama. Babu alikuwa na njaa ncha zote mbili za mshipi: samaki kule, sisi huku. Mimi nilikuwa na mshipi usiokuwa na njaa ncha yoyote. Samaki, kama maneno ya mzee ni kweli, alikuwa analinda pake. Mimi nilikuwa nacheza.

Msidhani haya ni mambo ya samaki tu. Mmewahi kuwaona wale jamaa wa karata tatu mjini? Shilingi ya kwanza unaitoa kwa tamaa. Hiyo ni chambo cha babu. Lakini ya pili na ya tatu huitoi kwa tamaa. Unaitoa kwa hasira, kwa sababu wamekucheka na watu wanatazama. Aliyekuwa hana shida ya hela anaingizwa mkenge kwa kuchokozwa. Na mjanja anajua hilo: mwenye njaa umwonyeshe chakula, asiye na njaa umguse heshima yake.

Siku ya pili ghalani nilimweleza mzee yaliyonisumbua. Alinijibu kwa utulivu. Alisema fedha za leseni husaidia kuitunza mito na samaki wenyewe. Akasema pia kwamba anayevua ndiye wa kwanza kugundua maji yamechafuka au samaki wamepungua. "Bila sisi," alisema, "nani angeutazama mto huu kila wiki?" Nikakubali kwamba hoja hiyo ina uzito. Mtu huchunga anachokipenda, hata kama mapenzi yenyewe yana ndoano.

Lakini kuna historia ambayo inanizuia kumpa ushindi wote. Iko jimbo jirani la Washington, na samaki ni huyuhuyu stilihedi. Mwaka 1854 makabila ya wenyeji kama Nisqually na Puyallup yalitia saini mkataba na serikali ya Marekani. Waliachia ardhi, wakabaki na haki ya kuvua mahali pao pa siku zote. Kwao stilihedi alikuwa chakula cha majira ya baridi. Karne iliyofuata, miaka ya 1920, jimbo likamtangaza stilihedi kuwa samaki wa mchezo. Nyavu marufuku, fimbo na chambo bandia ruksa. Mnisqually mmoja, Billy Frank Jr., alikamatwa kwa mara ya kwanza mwaka 1945 akiwa na miaka 14, kwa kuvua kwenye mto wa kwao, na akaendelea kukamatwa mara nyingi mno. Kesi iliamuliwa tarehe 12 Februari 1974, pale Jaji George Boldt alipotamka kwamba makabila ya mkataba yana haki ya nusu ya samaki wanaoweza kuvuliwa.

Unaona kinachonichoma? Kwa miaka mingi mwenye kumhitaji samaki kwa chakula aliitwa mwizi, na anayemvua kwa raha aliitwa mwanamichezo. Njaa iligeuzwa kosa, mchezo ukageuzwa sheria.

Basi nisije nikaitakasa njaa nayo. Pwani yetu tumewaona waliolipua baruti kwenye matumbawe wakisema, "Tufanyeje, tuna njaa." Mlipuko mmoja unaua samaki wa leo na nyumba ya samaki wa kesho. Njaa kweli inaeleza kwa nini mtu anavua. Haimpi ruhusa ya kuua asichokula. Nikimfikiria babu upya naona hakuwa msafi kwa sababu ya njaa peke yake. Alikuwa akipata kitoweo na cha kuuza kidogo, anakunja mshipi na kurudi, hata kama samaki bado wanakula.

Kwa hiyo mimi nimefikia hapa, na wenzangu mnaweza kunipinga: kama sikusudii kumla, sina haki ya kumdanganya. Sheria inaweza kuniambia nani wa kumrudisha, lakini haiwezi kunisafishia mkono kwa kumrudisha akiwa mfu.

Tatizo, na ndipo ninapokwama tena, ni kwamba ndoano haichagui. Ukimtafuta wa bwawani, yule wa kuliwa, wa asili naye atakuja. Huwezi kumwona kipezi akiwa chini. Mtu akitaka usafi kamili, akae nyumbani. Na mimi, nikiri, ile raha ya uzi unaolia bado naisikia kiganjani.

Desemba iliyofuata mzee aliniita tena. Nilimwambia nitakuja kwa masharti mawili. Kwanza, mayai tuyaache nyumbani. Tufunge ndoano moja isiyo na kijino kwenye mzamiaji mwenyewe, kwa kuwa kidude kile mara nyingi hunasa mdomoni, hakimezwi. Pili, tukimpata mmoja wa kula, tunakunja.

Mzee alinitazama juu ya miwani. "Tukimpata saa mbili asubuhi je?"

"Tunarudi saa mbili asubuhi."

Akatikisa kichwa, akacheka. "Basi kwa hayo masharti, makasia unapiga wewe."

Nilikaa katikati ya mashua, nikashika makasia. Maji yalikuwa ya kijani na baridi yake ilipenya mpaka kwenye mifupa. Mzamiaji alianza kuteremka mbele yetu, polepole, kuelekea shimo ambalo sikuliona, na mara hii aliyekuwa anamteremsha ni mimi.