Ukaribu na Mstari Uliokatika

Watu wengi huamini ya kwamba kadiri unavyokikaribia kitu ndivyo unavyozidi kukijua. Nami niliamini hivyo kwa muda mrefu, hasa katika kazi yangu ya tafsiri, kwani kutafsiri ni kujaribu kusogea karibu na maneno ya mwingine. Kilichonitia shaka ni kamera kuukuu ya Kisovieti, na utenzi mmoja wa mwanamke wa Pemba ambaye jina lake sitalijua tena.

Kamera ninayoikusudia ni ya aina ya kipima-umbali. Mpigaji hatazami kupitia lenzi. Hutazama kupitia kidirisha kilichopo juu ya lenzi na kando yake. Ndani ya kidirisha hicho huona taswira mbili za kitu kimoja, na anapoizungusha lenzi taswira hizo husogeleana mpaka zikapandana. Hapo hujua kuwa masafa yamepatikana. Leica ya Oskar Barnack iliyoingia sokoni mwaka 1925 haikuwa na kipimo cha namna hiyo. Ni mwaka 1932 ndipo kipimo na lenzi vilipounganishwa katika kamera moja ya kampuni ile. Kwa vitu vya mbali, mpango huu ni mzuri mno. Jahazi likiwa nje ya mwamba, jicho na lenzi huliona jahazi lile lile, kwa kuwa upana wa vidole vichache uliopo baina yao si kitu mbele ya upana wa bahari.

Lakini sogea karibu, msomaji wangu. Chini ya mita moja, kidirisha na lenzi huanza kuachana: jicho linaona ukurasa, lenzi inaona ukurasa na kipande cha meza. Mafundi huiita hitilafu hii paralaksi. La kutia maanani ni kwamba kidirisha hakikuhama; kipo pale pale kilipokuwa ulipolitazama jahazi. Pengo lilikuwapo tangu mwanzo, na umbali ndio uliolificha. Ukaribu ndio unaolifichua, na asiyejua kuwa lipo ndiye litakayemdhuru.

Mwezi wa Agosti mwaka 1997 nilikwenda Pemba kwa bibi mmoja mzee aliyekuwa amehifadhi kitabu kilichoandikwa kwa mkono, kwa herufi za Kiarabu, kurasa 14. Ulikuwa utenzi wa wosia, mama akimuusia binti yake anayeolewa. Bibi alisema uliandikwa na bibi yake mzaa mama. Hakutaka kitabu kitoke nyumbani, na mimi sikuwa na haki ya kumlazimisha. Nilikuwa na kamera, na lenzi ndogo ya kuongeza ukaribu inayofungwa mbele ya lenzi kubwa. Lenzi hiyo ikishafungwa, kile kipimo cha taswira mbili hakifai tena kitu. Masafa hupimwa kwa rula. Nilipima kwa rula. Nilikitazama kila ukurasa katika kidirisha, nikahakikisha kuwa kingo zote nne zimo, nikapiga.

“Umekipata chote?” aliniuliza.

“Nimekipata chote, bibi.”

Filamu ilikuwa ya picha 36 na mimi nilikuwa nimetumia 14. Kwa ubahili nikaingoja iishe. Zikaja mvua kubwa za mwisho wa mwaka ule, zile za El Nino, paa la bibi likavuja, na kitabu kikaloa kikawa bonge moja lisilofunguka. Filamu iliposafishwa, mwaka 1998, nikaona nilichokifanya. Kila picha ilikuwa na pambizo pana ya chini na kitambaa cha meza, na kila picha ilikuwa imekatika juu. Mstari wa kwanza wa kila ukurasa haukuwamo. Na kwa kuwa mnakili aliandika ubeti mmoja katika kila mstari, vipande vinne kwa mpigo, nilikuwa nimepoteza beti 14, pamoja na maneno yaliyotangulia ubeti wa kwanza, ambako yamkini jina la mtunzi ndiko lilikoandikwa.

Sasa ndipo linapoingia swali la insha hii. Mnakili alikuwa amefuata desturi ya wanakili wa zamani: chini ya baadhi ya kurasa aliandika neno la kwanza la ukurasa unaofuata, ili majani yasichanganyike. Kwa hiyo, kwa beti sita nilikuwa na neno la kwanza. Mizani niliijua, ni nane kwa kila kipande. Kina cha bahari nilikijua, kwa kuwa hakibadiliki toka mwanzo wa utenzi hadi tamati. Nilikuwa na mwanzo, nilikuwa na mwisho, na nilikuwa mshairi kijana. Nikazijaza beti zote 14. Nikauchapa utenzi katika kijitabu, wala sikusema zipi zake na zipi zangu. Waliousoma waliusifu, na beti mbili walizozisifu zaidi zilikuwa zangu.

Nilijitetea moyoni kwa hoja ambayo hata leo siidharau. Utenzi ni kitu cha kuimbwa mbele ya watu. Wenye matundu hauimbiki, na usioimbwa hufa. Je, si afadhali mama yule asikike kwa sauti iliyotiwa kiraka kuliko asisikike kabisa? Isitoshe, nilikuwa nimeishi na utenzi ule miezi mingi. Nilikuwa karibu naye. Nani angemjua zaidi yangu?

Nilikipeleka kijitabu Pemba, nikamsomea bibi. Hakuwa akiyasoma maandishi, lakini alikuwa amemsikia mama yake akiuimba. Alisikiliza akitikisa kichwa kwa mahadhi, na nilipofika ubeti mmoja akanyamaza kutikisa. Ulikuwa wangu, juu ya subira na nuru yake.

“Hapo sipo, mwanangu,” akasema. “Hapo alikuwa akimtajia madeni.”

Akaukumbuka ubeti, na mwingine wa mbele yake. Siuandiki hapa, kwa kuwa si wangu na mwenyewe hakunipa ruhusa ya kuutoa peke yake. Lakini maana yake ni kwamba mama anamwambia binti nani wanamdai mchele, pishi ngapi, na kwamba asiende kwa mume kabla halijalipwa. Ubeti wangu ulikuwa mzuri kuliko ule. Ubeti wake ulikuwa wa mtu. Nilikuwa nimemtazama mama yule kwa kidirisha changu, nikaona pale panapostahili maneno ya subira. Naye kutoka alipokuwa alikuwa akihesabu pishi.

Hapo nilianza kuyatazama upya yale waliyoyafanya mafundi wa kamera mbele ya tatizo hili hili, kwani walihangaika nalo kwa miongo mingi. Leica M3 ya mwaka 1954 ilikuwa na mistari ya fremu inayosogea ndani ya kidirisha kadiri unavyokaribia. Yaani kidirisha kinakiri kuwa hakipo ilipo lenzi na kinajirekebisha. Mwaka 1956 ilitoka lenzi ya milimita 50 iliyokuja na miwani yake: ukitaka kukaribia hadi sentimita 48, unaivisha kamera miwani hiyo, nayo inayapinda macho ya kidirisha yakutane na lenzi. Utaratibu wa miwani ulirudiwa mwaka 2003 kwa lenzi ya karibu ya milimita 90. Njia ya pili ilikuwa sanduku la kioo linalotiwa baina ya kamera na lenzi, ili jicho liache kidirisha chake na litazame kwa lenzi yenyewe; utengenezaji wake ulikoma mwaka 1984. Njia ya tatu, ambayo ingeniokoa mimi, ni nyenyekevu kuliko zote: fremu ya miguu minne inayokanyaga juu ya karatasi. Mpigaji hahitaji kutazama kitu. Kilichomo baina ya miguu kimo. Kilicho nje yake hakimo. Na tangu mwaka 2012, baadhi ya kamera za jamii hiyo zenye kioo nyuma huonesha kile kile kinachoonwa na lenzi.

Njia hizi zinatofautiana, lakini zote zinaanzia mahali pamoja: fundi amekubali kuwa macho yake hayapo penye tukio. Hakuna hata mmoja aliyesema kuwa mpigaji mwenye mapenzi ya kutosha atauona ukingo wa juu kwa moyo. Hilo nililisema mimi.

Wahenga wanasema asiyekuwapo na lake halipo. Kwa muda nilidhani methali hii inanipa ruhusa: mtunzi hayupo, kwa hiyo mahali pake ni pangu. Leo naiona kuwa ni onyo juu ya jinsi dunia inavyowatenda wasiokuwapo, na mfasiri ndiye mtu aliyepewa kazi ya kuizuia dunia isifanye hivyo. Aliye mbali hawezi kuiba sana. Anayeweza kumwibia mtu sauti yake ni yule aliye karibu, anayejua mizani yake na kina chake.

Na ile hoja ya kuimbwa? Sijaitupa. Katika nakala niliyoitengeneza upya, beti mbili za bibi zimerudi mahali pake. Zilizobaki ni 12. Penye neno la kwanza nimeliweka neno hilo peke yake, kisha nafasi tupu ya mizani iliyosalia. Pengine nimeacha mstari mtupu. Beti zangu nimezitia mwishoni, baada ya tamati, zikiwa na jina langu, kwa yeyote anayetaka kuimba bila kukatika na akijua anachokiimba. Kijitabu cha kwanza sikuweza kukirudisha. Kimo majumbani mwa watu, na nimesikia ubeti wa subira ukiimbwa harusini kama maneno ya mama yule. Ndiyo sababu nimeandika haya.

Bibi alifariki dunia kabla sijaimaliza nakala ya pili. Kila ninapokaa kutafsiri, huweka mezani picha moja katika zile 14, yenye kitambaa chake cha meza chini, na juu yake ukingo mweupe ulioukata mstari.